Jeonju, Mji Unaopima Makombo

Vijana wetu waliokulia Uingereza na Kanada siku hizi wana swali moja. Shahada wanayo, pasipoti ya huko wanayo, kazi ya maana hawajapata, na kila mmoja ana mwenzake wa chuo aliyeko Korea Kusini anafundisha Kiingereza na kulipiwa nyumba. Waende au wasiende? Mpwa wangu, binti wa dada aliyehamia Leicester miaka mingi iliyopita, hakuuliza mtu, alikwenda. Nilipopata nafasi ya kumtembelea huko Jeonju nilichukua daftari, maana nilikuwa nimeahidi kuleta maelezo ya nchi yenye mpangilio: jiografia, historia, uchumi, elimu. Mpangilio huo nitaufuata kadiri nitakavyoweza.

Kwanza niwaondolee wengine tamaa. Viza ya kufundisha Kiingereza cha mazungumzo, ile inayoitwa E-2, hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda, hata awe amesomea Kiingereza hadi uzamili, hiyo si yake. Mhadhiri anaweza kuajiriwa na chuo kikuu kwa viza nyingine, na Chuo Kikuu cha Hankuk kinafundisha Kiswahili kwenye kampasi yake ya mjini Yongin, lakini nafasi hizo ni chache mno. Wakala akikwambia vinginevyo na kutaka ada kabla, mkimbie.

Haya, jiografia. Korea Kusini ina kilomita za mraba laki moja na ushei, kwa hiyo Korea tisa zinaingia Tanzania na nafasi inabaki. Watu wake ni zaidi ya milioni 51, na karibu nusu yao wamebanana Seoul na miji inayoizunguka. Sehemu kubwa ya nchi ni milima. Jeonju uko kusini-magharibi, katika nchi ya mpunga, na ni makao makuu ya jimbo la Jeonbuk, lililoitwa Jeolla Kaskazini hadi 2024. Wakazi wake ni laki sita na ushei, na treni ya mwendo kasi kutoka Seoul hufika kwa chini ya saa mbili. Historia: Wajapani waliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945, kisha vita vya 1950 hadi 1953 vikaiacha magofu. Ukoo wa Yi, uliotawala tangu 1392, asili yake ni Jeonju, na picha ya mfalme wao wa kwanza, Yi Seong-gye, ina jengo lake la heshima, Gyeonggijeon, lililojengwa 1410. Ng'ambo ya barabara upo mtaa wa nyumba za kale za mbao na vigae, mamia kadhaa, ambako vijana hukodi mavazi ya kienyeji wakapiga picha. Daftari lina kurasa nyingine za tarehe za namna hii. Nitazifunika, kwa sababu jioni ya kwanza tulikwenda kula.

Jeonju ni mji wa chakula. UNESCO iliuingiza mwaka 2012 katika orodha ya miji inayosifika kwa mapishi, na wenyeji hawakushangaa, waliona wamecheleweshwa. Tuliagiza bibimbap, wali wa bakuli wenye mboga, yai na pilipili ya kusaga, na supu ya chipukizi za soya. Hivyo ndivyo tulivyoagiza. Vilivyokuja ni meza nzima: kabeji iliyochachushwa kwa pilipili, figili, mchicha wa mafuta ya ufuta, dagaa waliokaangwa kwa sukari, uyoga, mwani, tofu, na vibakuli vingine ambavyo mpwa wangu mwenyewe hakuvijua majina. Kikiisha kimoja, unaongezewa bila kulipa. Sisi wawili tungekula mpaka Swala ya Alfajiri tusingevimaliza. Tulipoinuka, mhudumu alikuja na kitoroli akakusanya vyote, akimimina mabaki kwenye ndoo moja kwa mkono uliozoea.

"Vinakwenda wapi vile vyote?" nikauliza.

"Mjomba, tukifika nyumbani nitakuonyesha."

Chini ya jengo lao la ghorofa, pembeni ya maegesho, kuna mashine ya kimo cha kifua yenye kifuniko cha chuma. Mpwa wangu alishuka na kikopo cha plastiki chenye makombo ya siku mbili, akagusisha kadi yake. Mashine ikasema neno, kifuniko kikafunguka chenyewe. Akamimina, kikajifunga, na kwenye kioo kidogo zikatokea namba: uzito wa alichotupa, na fedha atakayodaiwa. Basi. Kila gramu ya ganda la ndizi ina mwenyewe na ina bili. Fedha yenyewe ni kidogo, kilo moja haifiki shilingi mia tatu za Tanzania, lakini nilimwona akikunguta kikopo kwa makini ya mtu anayepima dhahabu kwa sonara.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Alishuka mama mmoja, akashuka mzee, akashuka mtoto wa miaka kumi hivi akiwa na kandambili, na wote wanajua la kufanya. Juu jikoni, mpwa wangu alinieleza taratibu ambazo hakuna shule iliyomfundisha. Makombo hukamuliwa kwanza, kwa sababu maji ni uzito na uzito ni fedha. Kiangazi, kwa kuwa joto na unyevu huozesha haraka, watu wengi huweka mfuko wa makombo kwenye friza, kando ya samaki, mpaka siku ya kumwaga. Na si kila kilichotoka jikoni ni makombo. Swali la kujiuliza ni kama mnyama anaweza kukila. Ganda la tikiti, ndiyo. Ganda la yai, hapana. Mfupa wa kuku, kombe la chaza, kokwa ya pichi, maganda ya kitunguu, majani ya chai: hapana, hayo yanakwenda kwenye taka za kawaida, ambazo nazo zina mfuko wake maalumu wa manispaa unaouzwa dukani. Bei ya mfuko ndiyo ada ya uzoaji. Anayetupa kidogo hununua mifuko michache.

Wiki zake za mwanzo, mpwa wangu alimwaga mifupa ya kuku kwenye mashine. Mlinzi wa jengo, mzee wa miaka sabini na kitu ambaye kazi yake hasa ni kulinda taka kuliko watu, alimgongea mlango akiwa ameshika mfupa kwa glavu. Hakufoka. Aliuonyesha, akatikisa kichwa, akashuka naye mpaka kwenye pipa linalohusika, akamsubiri autumbukize mwenyewe. Tangu siku hiyo wanasalimiana kwa kuinamiana, na siku ya kukusanya plastiki yeye ndiye humsaidia kubandua lebo kwenye chupa, maana chupa angavu lazima ziwekwe peke yake, zimevuliwa lebo na kukanyagwa zikalala.

Ili mtu asidhani Wakorea walizaliwa hivi, nieleze walikotoka. Kuanzia 1978 hadi 1993 taka za Seoul zilimwagwa Nanjido, kisiwa cha mto Han, mpaka zikawa vilima viwili vya karibu mita mia moja, na watu wakiishi humo kwa kuokota. Leo juu yake kuna bustani, iliyofunguliwa mwaka 2002, mwaka wa Kombe la Dunia. Mfuko wa kulipia ulianza 1995. Mwaka 2005 ilipigwa marufuku kufukia makombo ardhini. Mwaka 2013 nchi nzima ikaanza kulipa kwa kiasi unachomwaga, na mwaka huo huo wakaacha kumwaga baharini maji yanayochuja kutoka kwenye makombo. Katikati ya miaka ya tisini waliokuwa wakirejeleza ni kama asilimia 2 ya makombo. Sasa ni zaidi ya 95. Yanageuzwa chakula cha mifugo, mbolea na gesi.

Sisemi ni pepo. Chakula cha Kikorea kina chumvi, na mkulima hapendi mbolea yenye chumvi. Homa ya nguruwe ya Afrika ilipoingia mwaka 2019, kulisha nguruwe makombo yasiyosindikwa kukawa na masharti makali. Na ile meza ya vibakuli bado ipo: taifa linalopima makombo kwa gramu ndilo linaloandaa vyakula kumi na viwili kwa watu wawili. Mpwa wangu anasema ukiuliza kwa nini wasipunguze vibakuli, unaonekana hujalelewa.

Lakini nilipotoka pale kwenye mashine sikuweza kuacha kufikiri kuhusu kwetu. Zaidi ya nusu ya taka za Dar es Salaam ni za jikoni na sokoni, yaani ni mbolea iliyokosa mtu. Tunazichanganya na betri, nepi na chupa, tunasubiri gari lisilokuja, kisha tunazipeleka dampo la Pugu Kinyamwezi, na mvua ikinyesha zinashuka tena kwenye mifereji. Dampo la Dandora, Nairobi, lilitangazwa kujaa mwaka 2001, na malori bado yanaingia. Mtaani kwangu ada ya taka ni ile ile kwa mjane mwenye mfuko mmoja wa wiki na kwa mwenye ukumbi wa harusi. Kisha tunafanya usafi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, viongozi wanashika fagio mbele ya kamera, na Jumatatu mfereji umejaa. Sisemi hatuwezi. Tulipoambiwa tuache mifuko ya plastiki, Rwanda 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019, tuliacha, na tuliokuwa tukilalamika tulinunua vikapu. Na bibi zetu walitenga makombo bila mashine: ya kuku huku, ya mbuzi kule, majivu kwenye mgomba. Tulilipoteza hilo tulipohamia nyumba za kupanga, na hatukuweka kitu mahali pake.

Nirudi kwenye elimu, ambayo ndiyo iliyonipeleka. Njia za kufundisha ni mbili. Ya kwanza ni shule za serikali kupitia mpango wa EPIK, ulioanza 1995: vipindi 22 kwa wiki, chumba unapewa, mshahara ni milioni 2 na laki kadhaa za won, fedha ya huko, kwa mwezi, na mara nyingi unagawanywa kati ya shule mbili tatu. Ya pili ni hagwon, yaani tuisheni, kuanzia mchana hadi usiku. Tuisheni ya Korea si ile ya kwetu ya chini ya mwembe: mwaka 2023 familia zilitumia won trilioni 27.1, na wanafunzi karibu wanne katika kila watano walisoma humo. Hagwon huajiri haraka, na nyingine huvunja mikataba haraka vilevile. Kisheria, aliyemaliza mwaka hulipwa mshahara wa mwezi mmoja wa kuagia, ndiyo maana wapo wenye hagwon wanaokumbuka kuwa mwalimu hafai ifikapo mwezi wa kumi na moja wa mkataba.

Niliruhusiwa kuingia shuleni kwa mpwa wangu wakati wa chakula cha mchana, ambacho katika shule za serikali ni bure. Sinia za chuma zenye vyumba, kila kitu na chumba chake. Walipomaliza, watoto walipanga foleni kwenye beseni moja, wakakwangua. Shule nyingi zina siku, aghalabu Jumatano, ya kumaliza chakula chote. Siku hiyo mpishi hupika wanachokipenda, na beseni hubaki karibu kavu. Mwalimu mkuu alitaka nione maabara ya kompyuta. Mimi niliomba kuona beseni.

Je, kijana aende? Mwenye pasipoti inayokubalika, asiye na mtoto mdogo wala mzazi mgonjwa wa kumwachia mtu, naona aende, na achague mji wa kiasi cha Jeonju badala ya Seoul. Huko kodi ya nyumba, kwa anayejilipia, haili mshahara, na majirani watakujua kwa jina ukikosea pipa. Seoul unaweza kukaa miaka miwili na wageni wenzako bila kujifunza kusalimia. Ila ajue mambo mawili. Watoto Korea wanapungua: mwaka 2023 uzazi ulishuka hadi 0.72 kwa mwanamke, chini kuliko nchi yoyote duniani, na shule za vijijini za Jeolla zinafungwa. Kazi hii si ya kustaafia. La pili, maombi huambatanishwa na picha, na wapo waajiri wanaoitazama picha kabla ya shahada. Mpwa wangu alinyamaziwa na wengi kabla ya kupata aliyemjibu.

Hali ya hewa: baridi chini ya sifuri Januari, lakini sakafu za nyumba hupashwa moto kwa mabomba yaliyopita chini yake. Julai mvua. Dini: makanisa mengi, mahekalu ya Kibuda, na Jeonju una msikiti. Usafiri: Ethiopian Airlines huruka Addis Ababa hadi Incheon, na kutoka hapo kuna mabasi ya moja kwa moja hadi Jeonju. Shahada na cheti cha polisi lazima vithibitishwe rasmi katika nchi vilikotolewa. Mwaka wa shule huanza Machi, kwa hiyo anayeutaka aanze kushughulikia karatasi Agosti, na aanze na cheti cha polisi, maana ndicho kinachochelewa.