Slaidi Inayoitika Ikiitwa

Msomaji wetu mmoja mwenye kazi ya takwimu anauliza: "Nikiwa katikati ya wasilisho, mtu hunyoosha mkono akasema, je, tukiutoa mkoa ule? Grafu yangu ni picha tu, sina la kumjibu. Slaidi yenyewe haiwezi kupiga hesabu?"

Inaweza. Namna ya kusakinisha programu ya R sitaieleza, maelekezo yamejaa tele. Quarto hutengeneza slaidi kutoka faili lile lile lenye hesabu zako, na Shiny, kifurushi cha R alichokibuni Joe Cheng kikatolewa 2012, ndicho kinachozitia uhai. Mfano wake maarufu una vipimo 272 vya Old Faithful, chemchemi ya Yellowstone huko Marekani inayorusha maji moto kama zile za Ziwa Bogoria. Unaburuta kitufe, idadi ya mihimili ya grafu inabadilika. Ukiweka mhimili 1 unaona boksi moja tu. Ukifika 10, vilima viwili vinachomoza: ama watazamaji walisubiri kama dakika 55, ama kama 80.

Slaidi ya namna hii tuiiteje? "Shirikishi" inanukia semina, na "tendaji" imeshachukuliwa na wakurugenzi. Mimi nasema *itikivu*. Sikia huzaa sikivu, vumilia huzaa vumilivu. Itikia nayo izae. Tena kiitikio cha wimbo tunakijua sote.

Sasa, kompyuta inajuaje kipi cha kukokotoa upya? Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Chukua jiko la mama ntilie wa pwani: nazi ni kitufe unachoburuta, tui ni hesabu ya kati, na vyakula ni grafu na majedwali. Tui la nazi moja limeingia kwenye wali na kwenye samaki wa kupaka. Nazi ikigundulika mbovu, mpishi hakimbilii kukuna nyingine. Anamwaga tui, anaweka alama kwenye wali na samaki kwamba havifai tena, anasubiri. Mteja akiagiza wali, wali unadai tui, tui linadai nazi, na hapo ndipo mbuzi inapokaliwa. Wa pili akitaka samaki, tui lipo, halikamuliwi tena. Kachumbari haijui habari za nazi, basi haiguswi. Na mchoro usioonekana kwenye skrini ni chakula kisichoagizwa: haupikwi.

Uzuri wenyewe ni kwamba hakuna aliyeandika orodha ya nani anategemea nini. Kila anayechota tui anaandikwa pale pale anapochota, na akipikwa upya jina lake linafutwa mpaka achote tena. Leo wali ukipikwa kwa mafuta, kesho nazi ikibadilika wali hausumbuliwi. Nimelitazama jambo hili mara nyingi na bado linanifurahisha.

Kwa kawaida hutakiwa kompyuta inayoendesha R nyuma ya slaidi, basi.

Kwa swali la mkoa, weka kwenye slaidi orodha ya mikoa yenye visanduku vya kuteua. Hesabu ya kuchuja iandike mara moja, peke yake, kwa sababu hiyo ndiyo tui lako. Grafu na jedwali vyote vichote humo. Mkono ukinyooshwa, ondoa alama kwenye kisanduku cha mkoa ule, mbele yao.