Ananda, Shule Iliyojengwa kwa Senti za Wakulima



Leo, wanangu, nawapeleka kwenye shule moja ya wavulana iliyo mbali sana na Makobola yetu ya Kongo, katika kisiwa cha Sri Lanka, ndani ya Bahari ya Hindi. Shule hiyo inaitwa Ananda, nayo ni ya Wabudha. Huku kwetu, kutoka Uvira mpaka Baraka, mmezoea shule za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Wakimbangu na za Waislamu. Mbudha huenda hamjamwona. Lakini vukeni ziwa mpaka Kigoma, pandeni treni mpaka Dar es Salaam, na huko mtakuta hekalu la Wabudha. Walilianzisha Wasinhala, watu wa kisiwa hichohicho, karibu miaka mia moja iliyopita.

Wabudha hufuata mafundisho ya Budha, mwalimu aliyeishi upande wa India zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Aliwafundisha watu wasiue, wasiibe, wasiseme uongo, tena watawale mioyo yao wasiburutwe na tamaa wala hasira. Mwanafunzi wake wa karibu, aliyesifika kwa kuyakumbuka maneno yake, aliitwa Ananda. Shule ninayowasimulia ina jina la huyo.

Mwaka 1880 kisiwa kile kilikuwa chini ya Waingereza na kiliitwa Ceylon. Aliyetaka kazi ya ofisini alihitaji Kiingereza, na Kiingereza kilifundishwa zaidi katika shule za wamisionari. Mzazi Mbudha akabanwa pande mbili: ampeleke mtoto akafundishwe na dini ya wengine, au mtoto abaki na dini ya babu zake na kuikosa elimu ile. Wakongomani tunaujua mbano huo. Wakati wa Wabelgiji, watoto wa wafuasi wa Simon Kimbangu walifukuzwa shuleni kwa sababu ya imani ya wazazi wao, na wazazi wakaanzisha shule zao wenyewe katika miaka ya 1950.

Tarehe 17 Mei 1880 Mmarekani mmoja, Kanali Henry Steel Olcott, alishuka katika bandari ya Galle. Siku chache baadaye aliupokea Ubudha mbele ya watu wengi. Kisha akapanda gari la kukokotwa na ng'ombe, akazunguka vijijini kuzungumza na wakulima na kukusanya michango ya shule. Wengi hawakuwa na mali, ila haba na haba hujaza kibaba. Tarehe 1 Novemba 1886 shule ikafunguliwa Pettah, mtaa wa masoko wa jiji la Colombo, ikiwa na wanafunzi 37. Prefe wake wa kwanza alikuwa Mwingereza, Charles Leadbeater. Mwaka 1895 ikahamia Maradana, palepale Colombo, na huko ndiko ilikopata jina la Ananda.

Mwaka 1918 shule ilikabidhiwa kwa kijana wa kisiwa hicho, Patrick de Silva Kularatne, aliyekuwa na umri wa miaka kama 25 tu. Chini yake wanafunzi walizidi kuwa wengi, na katika miaka ya 1920 Ananda ikazaa shule ya pili ya wavulana, Nalanda.

Sasa twende uwanjani, kwa maana huko ndiko Ananda ilikojulikana na watu wengi. Mchezo wao mkubwa ni kriketi, walioupokea kwa Waingereza. Kila timu ina wachezaji 11, kama mpira wa miguu. Katikati ya uwanja pana njia ya mita 20 hivi, na kila mwisho wake husimamishwa vijiti vitatu. Mrushaji hurusha mpira mgumu wa ngozi akitaka kuviangusha. Mpigaji, mwenye gongo bapa la mbao, huvilinda na kuupiga mpira mbali, kisha yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana nafasi, na kila mbio ni pointi. Mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, mpigaji anatoka. Asipokosea, anaweza kusimama pale saa nyingi juani. Hasira ya mara moja humtoa. Mvulana aliyefundishwa darasani kuutawala moyo wake, uwanjani anapimwa kama ameelewa.

Kila mwaka Ananda hukutana na Nalanda. Shule zote mbili huvaa nyekundu iliyokolea: Ananda huongeza dhahabu, Nalanda fedha. Watu wameupa mchezo huo jina la vita, ila ni vita vya bendera na nyimbo. Mwezi wa pili wa 1982 Sri Lanka ilicheza na Uingereza mechi yake ya kwanza ya siku tano kama taifa. Nahodha, Bandula Warnapura, alisoma Nalanda. Miongoni mwa wachezaji wake alikuwa Arjuna Ranatunga wa Ananda, mwenye miaka 18, na huyo kijana akawa Msri Lanka wa kwanza kufikisha pointi 50 katika mechi za aina hiyo. Wapinzani wa jana wakavaa jezi moja.

Mwaka uliofuata, 1983, vita vikalipuka kati ya serikali na wapiganaji wa Watamili, watu wengine wa kisiwa hicho. Mwezi wa kwanza wa 1996 bomu liliua watu wengi katikati ya Colombo, na timu za Australia na West Indies zikakataa kwenda kucheza huko mechi zao za Kombe la Dunia. Nahodha wa Sri Lanka wakati huo alikuwa Ranatunga. Timu yake ilikuwa na Roshan Mahanama wa Nalanda, Muttiah Muralitharan ambaye ni Mtamili, na Chaminda Vaas ambaye ni Mkatoliki. Tarehe 17 Machi 1996, mjini Lahore, Pakistani, waliifunga Australia wakawa mabingwa wa dunia. Vita havikukoma kwa sababu ya kombe. Viliendelea mpaka 2009. Lakini watoto wa kisiwa kile waliona kwa macho yao kwamba Msinhala na Mtamili wanaweza kutegemeana na kushinda pamoja.

Nina sababu ya kuwasimulia haya. Sisi wa Makobola tulizika watu wetu waliouawa mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999, na chuki inajua njia ya kurudi. Wazazi wenu wanapotafuta minervali kwa kuuza mihogo na ndagala, wanafanya kazi ileile ya wakulima wa Ceylon. Basi msiichezee shule. Na mnapocheza na shule ya jirani, chezeni kwa nguvu zenu zote, mkifungwa mkubali, kisha muwape mkono waliowafunga na kuwauliza majina yao. Kesho huenda mkahitajiana katika timu moja, na timu hiyo ni nchi hii.