Jino likiacha kuuma ghafla, si lazima limepona

MAUMIVU ya jino yaliyomkosesha mtu usingizi kwa siku kadhaa yanapokoma ghafla, wengi hushukuru na kuahirisha safari ya kwenda kwa daktari. Hata hivyo, huenda hiyo ni dalili kwamba sehemu iliyo hai ndani ya jino imekufa kwa kukosa oksijeni.

Sehemu hiyo ni kiini cha jino, yaani nyama laini yenye neva na mishipa ya damu. Damu huingia humo hasa kupitia tundu dogo lililo kwenye ncha ya mzizi, ambalo kwa kawaida upana wake haufiki milimita 1.

Bakteria wakipenya katika jino lililotoboka, mwili hupeleka damu zaidi na kiini huanza kuvimba. Kidole kikivimba, ngozi hutanuka. Kuta za jino ni ngumu, hazitanuki. Hivyo shinikizo hupanda, mishipa hubanwa na seli hukosa oksijeni.

Seli nazo hujihami. Penye oksijeni ya kutosha, protini iitwayo HIF-1 alfa huvunjwavunjwa mara tu inapotengenezwa. Oksijeni ikipungua, protini hiyo hurundikana na kuamsha vinasaba vinavyochochea mishipa mipya ya damu kuota. Ugunduzi wa namna seli zinavyotambua kiasi cha oksijeni uliwapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2019.

Katika maabara, watafiti hukuza seli za kiini cha jino penye oksijeni ya asilimia chache tu, ilhali hewa ya kawaida ina asilimia 21. Upungufu wa wastani unaweza kuzichochea seli kuzaliana na kujenga upya. Upungufu mkali na wa muda mrefu huziua.

Kinga hiyo basi ina mpaka. Kiini kikifa, neva zake hunyamaza, lakini bakteria hubaki na wanaweza kutokea kwenye ncha ya mzizi hadi mfupa wa taya, na kusababisha jipu. Viuavijasumu vya kumeza navyo havifiki ipasavyo mahali pasipopitiwa na damu.

Jino likiwahiwa, huenda kuondoa uozo na kuliziba kukatosha. Likicheleweshwa, hubaki njia mbili: kusafisha na kuziba mzizi, au kung'oa.