Sauti ya mwigizaji haitoki kooni: namna ya kuizoeza kusema na kuimba



Kuna jambo linajirudia kwenye michezo ya teatri ya wanafunzi. Kundi limefanya mazoezi miezi miwili, nguo ziko tayari, kila mtu anajua maneno yake kwa kichwa. Siku ya kwanza inapita vizuri. Siku ya pili, yule anayecheza mfalme anaamka na sauti imekauka. Wengine wanasema ni baridi, wengine wanasema kuna mtu amemuonea wivu. Mara nyingi si hii wala ile. Amepiga kelele saa mbili kwa nguvu ya koo, na koo limechoka. Jumapili atarudi kuimba kwenye korali na koo lile lile.

Juu ya nini inakuwa hivyo? Tuangalie kwanza sauti inatoka wapi.

Sauti inahitaji vitu vitatu. Cha kwanza ni pumzi, ambayo inasukuma. Cha pili ni kamba za sauti, mikunjo miwili midogo ndani ya zoloto, isiyofika hata sentimita 3. Tukisema, zinagongana zaidi ya mara 100 kwa sekunde kwa wanaume, na karibu mara 200 kwa wanawake. Cha tatu ni koo, mdomo na pua, ambavyo vinakuza ile sauti. Fikiri gitaa: kamba peke yake hazisikiki mbali, ni lile sanduku njo linazipa nguvu. Mtu anayepiga kelele anaongeza kugonga kwa kamba na kusahau sanduku.

Walimu wakubwa wa kazi hii walilijua. Cicely Berry, aliyeanza kufundisha sauti kwenye Royal Shakespeare Company ya Uingereza mwaka 1969, na Kristin Linklater, aliyetoa kitabu chake mwaka 1976, wote wawili walianza na mwili uliolegea na pumzi iliyo huru, kabla ya kugusa maneno.

Haya ni mazoezi manne ambayo hayaombi mikro wala pesa.

1. Pumzi. Lala chali, weka kitabu juu ya tumbo. Ukivuta pumzi, kitabu kipande, mabega yabaki palepale. Toa pumzi polepole kwa "sss" sekunde 15, kisha 20, bila kukaza shingo. Ukizoea, fanya vile vile ukiwa umesimama.

2. Kupasha sauti. Funga mdomo, toa "mmm" mpaka usikie midomo inatetemeka. Kisha chukua mrija wa kunywea fanta, utie ndani ya chupa yenye maji kidogo, na utoe sauti ndani ya mrija, ukipanda na kushuka. Maji yanarudisha msukumo nyuma, na kamba zinafanya kazi bila kugongana kwa nguvu. Dakika tano zinatosha.

3. Matamshi. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, njo maana silabi ya mwisho tunaimeza. Lakini "amelipa" na "amelipwa" ni watu wawili tofauti: mmoja ametoa pesa, mwingine amepokea. Mtu wa nyuma asiposikia mwisho wa neno, hadithi imempotea. Soma ukurasa mmoja polepole, ukifungua mdomo kupita kawaida, halafu usome tena kwa mwendo wako.

4. Kufikisha. Chagua mtu mmoja wa mstari wa mwisho na useme naye. Usipandishe sauti kwenda juu kama mtoto anayelia. Ongeza pumzi, fungua mdomo, refusha vokali kidogo.

Na kuimba? Chombo ni kile kile. Tofauti ni kwamba kwenye kuimba vokali inashikwa muda mrefu na sauti inakaa fasi moja, lakini kwenye kusema inateleza. Mwigizaji anayeanza anakuwa na sauti mbili: moja ya kusema, nyingine ya korali, na watu wanasikia mshono. Dawa yake ni hii: chukua sentensi moja, iseme, kisha iseme yote kwenye noti moja, kisha iimbe, halafu urudi kuisema bila kusimama. Angalia pia lugha. Kiswahili hakina toni, lakini Lingala, Mashi na Ciluba ziko nazo. Wimbo ukipanda fasi neno linashuka, maana inaweza kuharibika.

Tuko na mfano wetu hapa nyumbani. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, ambalo Johannes Fabian aliandika juu yake kwenye kitabu cha mwaka 1990, lilicheza kwa Kiswahili cha mji bila maneno yaliyoandikwa tangu mwanzo. Walipatana juu ya hadithi, na maneno yakazaliwa kwenye mazoezi. Ukicheza namna ile, hujui ni neno gani litaomba nguvu. Inafaa sauti iwe tayari kwa yote.

Sasa kuitunza. Maji yanapita njia ya chakula, hayagusi kamba za sauti. Yanasaidia kwa kulowanisha mwili wote, kwa hiyo kunywa tangu asubuhi, usingoje pazia lifunguke. Tangawizi inatuliza koo, lakini haiponyeshi kamba zilizovimba. Kunong'ona kwa nguvu pia si kupumzika. Mvua ikipiga mabati, simameni mngoje, msishindane nayo. Na sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Vinundu kwenye kamba vikigunduliwa mapema, mara nyingi vinapungua kwa kupumzika na mazoezi. Ukiendelea kulazimisha, vinakuwa vigumu.

Hii si habari ya waigizaji tu. Mwalimu mwenye watoto 60 darasani, wakili, mhubiri, mwandishi wa redio, na wewe unayejitayarisha kutetea TFC, wote mnakula kwa sauti. Diploma ikipotea unaweza kuomba nyingine. Kamba za sauti, hakuna ofisi inayozitoa mara ya pili.