Ahadi ya Bonane: bidoni moja ya mbegu

Wandugu wakulima, Bonane imepita. Tumekula kuku, watoto wamevaa nguo mupya, na kila mutu amesema lile neno: "Mwaka huu nitabadilika." Sisi waagronomu pia tumelisema. Sasa tuulizane kweli: ahadi za mwaka jana zilienda wapi?

Januari ya mwaka jana, katika koperativi moja ya milima ya Kivu ya Kusini, tuliomba kila memba asimame na aseme ahadi yake. Tuliziandika zote kwenye karatasi kubwa, tukaibandika ukutani. Mumoja alisema atalima shamba mara mbili ya lile la zamani. Mwingine ataacha pombe. Mwingine atanunua ng'ombe, atajenga nyumba ya mabati na kulipa madeni yote. Tukapiga makofi. Sisi wenyewe tuliandika chini kabisa: "Tutatembelea mashamba ya wamemba wote kila juma."

Mwezi wa tatu tulirudi kuuliza. Watu waliangalia chini. Na sisi tuliangalia chini, sababu mvua, matope na pikipiki moja vilitushinda tangu juma la pili. Mama mumoja tu ndiye alijibu bila haya. Ahadi yake ilikuwa ndogo mpaka siku ile wengine walicheka. Alikuwa amesema: "Mimi siko na nguvu ya kuahidi mambo mingi. Kuko bidoni moja nyeupe ya mbegu. Ile hatutaikula."

Kwa nini bidoni ile ni jambo kubwa

Bonane inatukuta katikati ya sezoni mbili. Maharagi tuliyopanda Septemba tunayavuna Desemba na Januari. Sezoni B tunaanza kupanda katikati ya Februari mpaka katikati ya Machi. Hapo katikati kuko sikukuu, minervali ya watoto, wageni na magonjwa, na wote wanaangalia gunia lilelile. Siku ya kupanda inafika, gunia ni tupu. Tunakimbia sokoni wakati kila mutu anatafuta mbegu. Bei imepanda, maharagi yamechanganywa, na hakuna anayejua kama yataota. Mutu aliyekula mbegu yake anaanza sezoni na deni. Ile ahadi ya kulima mara mbili inafia hapo. Nguvu anazo, mbegu hana.

Tufanye hesabu. Shamba la mita 50 kwa 20 ni ari 10. Kwa maharagi mafupi, tunaacha santimita 40 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo, mbegu 2 kila shimo. Ni mashimo 12.500, mbegu 25.000. Kama mbegu ni za ukubwa wa kati, ni karibu kilo 10. Bidoni ya litre 20 inabeba karibu kilo 15. Basi bidoni moja iliyojaa inatosha ari 10, na zingine zinabaki za kurudishia mashimo ambayo hayakuota.

Mama yule alifanya nini

Alianika maharagi mpaka ukiuma mbegu, jino haliingii. Alijaza bidoni mpaka juu na kukaza kifuniko, kwa maana hewa ikibaki ndani, wadudu wanapumua na kutoboa. Kisha akaipeleka kwa wifi yake, ili jikoni asiione kila jioni.

Februari mutoto wake akashikwa na homa kali usiku. Asubuhi mama alifungua bidoni, akauza kilo 3, akalipa kituo cha afya. Hapo wengi wetu tungesema: ahadi imekufa, tukule na zilizobaki. Yeye hakusema vile. Siku ya mukutano wa Muso aliomba musaada katika sanduku jekundu, lile la matatizo, akanunua kilo 3 za mbegu ya namna ileile kwa jirani. Mwezi wa tatu ari zake 10 zilikuwa zimepandwa.

Tulichojifunza

Chagua ahadi moja. Ahadi tano zinapigana kwa sababu ya feza na siku zilezile.

Iwe ya kuhesabika. "Nitalima vizuri" haina kipimo. "Kilo 15, bidoni moja" kila mutu anaiona.

Iwe na siku yake. Kwa mufano, siku ya kwanza ya Februari, hesabu mbegu 100, zifunge katika kitambaa chenye maji, usikiache kikauke. Kisha juma moja, fungua. Zikiota 80 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiwa chache, muda wa kutafuta zingine ungalipo.

Iwe na shahidi. Bwana na bibi wazungumuze kwanza. Kama mumoja hajui ahadi, atauza bidoni bila kujua amevunja kitu.

Ukianguka, rudisha. Usingoje Bonane ingine. Na kama sezoni B imekupita, mukulima ana mwaka mupya wa pili: Septemba, wakati sezoni A inaanza.

Na sisi je?

Tulifuta maneno yetu ya ukutani, tukaandika: "Kila Alhamisi, vikundi viwili." Tangu pale tumekosa Alhamisi tatu. Kila mara tulikuja Jumamosi kulipa deni, na wamemba walitucheka kidogo, ni haki yao.

Karatasi ya mwaka huu tutaileta ikiwa ndogo, nafasi ya mustari mumoja kwa kila memba. Wewe ambaye gunia lako lingali na kitu, leo jioni toa mbegu mbele ya kutoa chakula. Tukutane mwanzo wa Februari, kila mutu na mbegu zake 100 ndani ya kitambaa.

Heri ya mwaka mupya, na sezoni B njema.