Mandvi: Bandari ya Kutch Iliyoishi kwa Kaskazi na Kusi

Mji wa Mandvi uko magharibi mwa India, katika jimbo la Gujarat, pale Mto Rukmavati unapoingia katika Ghuba ya Kutch. Kutoka mjini hapo hadi Bhuj, makao makuu ya wilaya ya Kutch, ni mwendo wa kilomita zipatazo 60.

Kutch ndiyo wilaya kubwa kuliko zote nchini India, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 45,000. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ardhi hiyo hailimiki. Kaskazini kumetanda Rann, uwanda wa chumvi unaofurika maji wakati wa mvua, kisha hukauka ukabaki mweupe. Kusini ni bahari. Mvua zenyewe ni haba na ukame si jambo geni. Hiyo ndiyo sababu wenyeji wengi walitafuta riziki yao majini.

Mandvi uliasisiwa katika karne ya 16 na Rao Khengarji wa Kwanza, mtawala wa Kutch. Majahazi yake yalisafiri na kaskazi hadi Unguja na Mombasa yakiwa na vitambaa vya pamba, na kurejea na kusi yakiwa na pembe za ndovu na karafuu. Zama za Sultani Said bin Sultan, familia ya Wabhatia wa Kutch ilikodi ushuru wa forodha ya Unguja. Wako pia Wasidi, wazao wa Waafrika, ambao wengi wa wahenga wao walifikishwa huko wakiwa watumwa.

Ardhi nayo imewajaribu watu hawa. Tetemeko la mwaka 1819 liliinua ukingo wenye urefu wa kilomita zipatazo 80 katika Rann, na lile la Januari 26, 2001 liliua maelfu ya watu na kuibomoa Bhuj.

Meli za mvuke na bandari ya Mumbai ziliipokonya Mandvi biashara yake kubwa. Lakini kandokando ya Rukmavati mafundi bado wanaunda vyombo vikubwa vya mbao kwa mikono. Ujuzi huo hurithishwa kwa kutazama na kutenda, baba kwa mwana. Vijana wakiuacha, hakuna kitabu kitakachoweza kuurejesha.