Albamu Tatu Nisizozichoka

Kijana akiniuliza aanzie wapi na muziki wetu wa zamani, namtaja Remmy Ongala. Albamu yake Songs for the Poor Man ilitoka mwaka 1989 chini ya Real World, kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel wa Uingereza. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, akapata jina Dar es Salaam na bendi yake ya Super Matimila. Sikiliza “Kifo”. Magitaa yanakuita uinuke ucheze, naye anaimba habari za mauti bila kupepesa macho. Mwili unafurahi, akili inafanya kazi. Ndiyo maana siichoki.

Kisha nenda Mombasa. Katika albamu ya Jino la Pembe, Zuhura Swaleh anaimba taarabu iliyochangamka, yenye mapigo ya chakacha. Tega sikio kwenye taishokoto, ala ya Kijapani yenye nyuzi na vibonyezo kama vya taipureta. Sauti ya ala hiyo ni kali na nyembamba. Inamjibu mwimbaji kila anapovuta pumzi.

Malizia Unguja, na albamu ya kwanza ya mfululizo wa Zanzibara. Ni ya Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, nayo ilitoka 2005 kuadhimisha miaka 100. Hapa usiwe na haraka. Fidla, udi na ganuni hutangulia, mwimbaji hufuata kwa wakati wake. Zima simu, kaa kitako, usiruke wimbo hata mmoja: taarabu humlipa msikilizaji mwenye subira.